Jinsi ya kuisoma Guernica: kuanzia nyayo hadi ndege wa gizani

Wengi wetu huikuta Guernica, picha ya mchoraji Pablo Picasso, kwenye simu, ikiwa na upana wa vidole vitatu, na chini yake maelezo mafupi: fahali ni ufashisti, farasi ni wananchi, taa ni matumaini. Tunasoma, tunaitikia kwa kichwa, tunapita. Ni sawa na kusomewa jibu la kitendawili kabla ya kusikia kitendawili chenyewe.

Mwongozo huu unaanza upande wa pili: miili kwanza, alama baadaye. Picha hii ilitokana na watu waliouawa kwa mabomu siku ya gulio katika mji wa Gernika (Guernica kwa Kihispania), Hispania. Ukiigeuza orodha ya mafumbo, waliouawa wanapotea tena. Nimeitazama na watu wa kila aina, wanafunzi, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, na kila mara walioona zaidi ni wale ambao hawakuwa wamesoma chochote juu yake.

Tenga saa mbili. Tafuta daftari, futi kamba, kipande cha chaki na picha nzima isiyokatwa pembeni. Jumba la makumbusho la Reina Sofía la Madrid, inakokaa picha yenyewe, limeweka kwenye tovuti yake nakala unayoweza kuikuza mpaka ukaona nyufa za rangi. Kama uliyonayo ina rangi ya kahawia kahawia, huenda unatazama picha ya zulia la ukutani lililofumwa kwa kuiga Guernica. Hilo tutalirudia.

Hatua ya 1: Pima ukuta

Guernica ina sentimita 349 kwenda juu na sentimita 777 kwenda upande. Namba hizo hazisemi kitu mpaka uzichore. Toka nje, tafuta ukuta mrefu, weka alama za chaki kwenye pembe nne. Mara ya kwanza nilipojaribu, ukuta wa nyumba niliyopanga uliisha kabla ya picha kuisha, ikabidi mita moja na ushee ikunje kona. Mama mwenye nyumba akatoka kuuliza tunataka kujenga nini.

Sasa simama hatua moja kutoka ukutani. Huwezi kuziona ncha zote mbili kwa pamoja. Kwenye simu wewe ndiye mkubwa na hao wanaopiga kelele ni sisimizi. Mbele ya ukuta, vichwa vyao vinakizidi chako na nyayo zao ziko usawa wa magoti yako. Hata Picasso alidaiwa nafasi na turubai hiyo, yaani kitambaa alichochorea: ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko dari ya chumba chake cha kazi kule mtaa wa Grands-Augustins, Paris, akalazimika kuiegemeza kwa kuilaza nyuma kidogo ndipo iingie.

Usifute chaki. Utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Ijue Jumatatu ile

Hapa soma kidogo tu, kiasi cha kujua nani alimpiga nani.

Hispania ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu Julai 1936, Jenerali Francisco Franco akiipiga serikali ya Jamhuri. Hitler na Mussolini walimpa ndege na marubani. Tarehe 26 Aprili 1937, Jumatatu, siku ya gulio, ndege za Kikosi cha Condor cha Ujerumani zikisaidiwa na za Italia ziliushambulia mji mdogo wa Gernika katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Zilianza kama saa kumi na nusu alasiri, zikapokezana kwa takriban saa tatu: mabomu ya kubomoa, mabomu ya moto, na bunduki za rashasha kwa waliokimbilia mashambani. Karibu robo tatu ya majengo yaliangamia. Kiwanda cha silaha kilibaki kimesimama, na daraja nalo likabaki. Serikali ya Wabaski ilitaja vifo zaidi ya 1,600. Wanahistoria wengi wa sasa wanakadiria kati ya 150 na 300.

Upande wa Franco ukatangaza kwamba Wabaski wameuchoma mji wao wenyewe. Aliyewaumbua ni mwandishi wa The Times, George Steer, aliyefika usiku ule mji ukiwaka na kuona maganda ya mabomu yenye alama ya tai wa Kijerumani. Steer alikuwa anajua anachokitazama. Mwaka mmoja nyuma alikuwa Ethiopia, akiandika jinsi ndege za Italia zilivyomwaga mabomu na gesi ya sumu juu ya watu wa Haile Selassie. Kwa hiyo uvumbuzi wa kuwaua raia kutoka angani haukuanzia Gernika kama vitabu vingine vinavyodokeza. Ethiopia ilikuwa imeshauonja, na dunia haikushtuka vya kutosha.

Picasso alikuwa Paris. Tangu Januari serikali ya Jamhuri ilikuwa imemwomba mchoro mkubwa wa kuweka kwenye banda la Hispania katika maonyesho ya dunia ya mwaka huo, naye alikuwa akijivuta, akichezea wazo la mchoraji na mwanamke anayechorwa. Magazeti yalipofika na habari na picha za Gernika, wazo hilo likafa. Tarehe 1 Mei akaanza michoro mipya ya penseli. Mwanzoni mwa Juni turubai lilikuwa limekamilika.

Hatua ya 3: Hesabu kabla ya kueleza

Fungua picha. Andika daftarini unachokiona, bila neno "inaashiria" hata mara moja. Nimeona watu wazima wakishindwa sheria hii ndani ya dakika mbili.

Orodha yako ikikamilika itakuwa na watu sita. Kushoto, mama amembeba mtoto aliyekufa. Chini, mwanamume ameanguka, kichwa na mikono vimeachana na kiwiliwili kama sanamu iliyovunjika. Katikati kuelekea kulia, mwanamke anajikokota. Juu yake, mwanamke mwingine ametoa kichwa na mkono mrefu dirishani, ameshika taa ya mafuta. Kulia kabisa, mwanamke anaungua, mikono juu. Wanyama ni watatu. Fahali na farasi kila mtu huwaona. Wa tatu mwache kwanza.

Kisha jiulize: tuko ndani au nje? Kuna dirisha, kuna paa, kuna meza, sakafu ina mistari kama ya vigae, na ukingoni kulia kuna mlango ulio wazi kidogo. Ukijaribu kuchora ramani ya chumba hicho utashindwa, na kushindwa huko ni sehemu ya usomaji. Nyumba iliyopigwa bomu haina tena ndani na nje.

Hatua ya 4: Soma nyayo, viganja na ndimi

Hapa ndipo pa kukaa. Zikuze sehemu hizi moja moja.

Anza na unyayo ulio chini kulia, wa yule mwanamke anayejikokota. Ni mkubwa kupita kiasi, goti limevimba, mguu unaburutwa kama mzigo usio wake. Fundi cherehani niliyemtaja aliutazama akasema, "Huyu amekimbia mpaka mguu umekataa." Sijaona kitabu kilichosema vizuri kuliko hivyo. Picasso amechora uzito wa mguu unavyosikika kwa anayekimbia, wala si mguu unavyoonekana kwa anayetazama. Ukishalipata hilo hutauliza tena kwa nini macho mawili yamekaa upande mmoja wa uso. Na aliyekulia karibu na vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa shetani, vyenye mdomo uliohamia shavuni na jicho lililotoka mahali pake, ana nusu ya kazi mkononi tayari: anajua mwili unaweza kupindwa ili ukweli wake utoke nje.

Viganja. Cha mwanamume aliyeanguka, kile cha kushoto, kimekatwakatwa na mistari. Mkono wa pili umeshika upanga uliovunjika, na pembeni ya ngumi hiyo limeota ua dogo, jembamba kiasi kwamba simu hulimeza. Mama wa kushoto ana vidole vinene, vilivyopanuka, vya mtu ambaye hajui aweke wapi mikono. Mkono wa mtoto unaning'inia tu.

Ndimi. Mama, farasi na fahali wote wamefungua midomo. Ulimi wa mama una ncha kali kama kisu, wa farasi kama mwiba. Kilio hakina umbo, lakini hapa kimepewa chuma. Linganisha na uso wa mtoto: mdomo umefunga, macho hayana mboni. Yeye peke yake ndiye aliyenyamaza kabisa. Macho ya mama yamekaa kama matone ya machozi, kana kwamba jicho lenyewe ndilo linalodondoka.

Mkristo angemwona Maria amempakata Yesu aliyeshushwa msalabani, na Picasso, aliyekulia Hispania ya makanisa, aliijua picha hiyo toka utotoni. Lakini kuna tofauti moja. Maria wa makanisani hutazama chini kwa mwanawe. Huyu ametupa shingo nyuma na anatazama juu, kunakotoka mabomu.

Hatua ya 5: Fuata mwelekeo

Jaribio fupi. Weka kidole kulia kabisa, kisogeze polepole kushoto. Mwanamke wa mguu mkubwa na yule mwenye taa wote wanaelekea huko, na umbo lao linachora upande mmoja wa pembetatu ambayo kilele chake kiko kwenye taa. Sisi tunaosoma kutoka kushoto kwenda kulia tunakutana nao uso kwa uso, wao wakikimbia, sisi tukiingia. Babu zetu waliosoma tenzi kwa hati za Kiarabu wangeingia kwa mlango wa kulia na kukimbia pamoja nao. Sijui kama Picasso angejali, ila jaribu njia zote mbili uone ipi inakuumiza zaidi.

Hatua ya 6: Pima mianga miwili

Juu katikati kuna balbu ndani ya umbo la jicho, miale yake kama meno ya msumeno. Pembeni yake, taa ya mafuta ya yule mwanamke wa dirishani.

Kwa Kihispania bomu ni bomba, na balbu ni bombilla, neno linalosikika kama kijibomu. Kwetu bomba ni la maji, kwa hiyo utani huo wa giza hauwezi kutufikia bila kuelezwa. Mhispania anausikia papo hapo. Lakini kuna kitu ambacho msomaji wa Kiswahili anakiona haraka kuliko wengi: nani huwasha taa ya mafuta wakati balbu inawaka? Yeyote aliyewahi kutafuta kibiriti umeme ulipokatika anajua kwamba taa mbili hazikai chumba kimoja bila sababu. Ile ya juu inaangaza kila kitu wala haimsaidii mtu. Ya chini ni ndogo, imeshikwa na mkono wa mtu, na mwenye mkono amekuja kutazama kumetokea nini.

Hatua ya 7: Sasa waite fahali na farasi

Baada ya yote hayo, ndipo uulize maana. Na uanzie kwenye uwanja wa ng'ombe.

Picasso alizaliwa Málaga mwaka 1881 na tangu mdogo alipelekwa na baba yake kutazama mapigano ya fahali. Msomaji wa Pemba asifikirie mchezo wa ng'ombe wa kwao, ambako ng'ombe hauawi. Hispania fahali hufa, na zamani farasi walikufa pia: mpanda farasi mwenye mkuki humchoma fahali, na fahali akimfikia farasi humpasua tumbo kwa pembe. Farasi kuvikwa kinga ilikuja kuwa lazima mwaka 1928 tu. Kwa hiyo farasi anayelia akiwa wazi ubavuni ni kitu ambacho mchoraji alikuwa amekiona kwa macho yake akiwa mtoto.

Kuza ubavu wa farasi. Amechomwa mkuki. Jeraha la pembe halionekani. Katika uwanja, mkuki ni wa kumchoma fahali. Hapa umeishia kwa farasi, silaha ya mkono wa binadamu. Mimi hapo ndipo ninapoacha kuamini maelezo mepesi ya "fahali amemuua farasi". Fahali amesimama juu ya mama, hana jeraha, mkia wake umesimama kama moshi. Anamlinda? Anangoja? Picha haisemi.

Picasso mwenyewe alijibu mara mbili, kwa namna mbili. Mwaka 1945 alimwambia Mmarekani aliyemhoji kwamba fahali si ufashisti bali ni ukatili na giza, na kwamba farasi ni wananchi. Miaka miwili baadaye akasema fahali ni fahali na farasi ni farasi, mtazamaji aone anachotaka. Usichague jibu moja ukalitupa lingine. Ukiandika insha, yaweke yote mawili, kisha useme ni kitu gani ndani ya picha kinakusukuma upande mmoja.

Mfano wa sentensi dhaifu: "Fahali anaashiria ukatili wa vita." Mfano wa sentensi yenye nguvu: "Fahali ana nguvu zake zote na yuko karibu na mama kuliko mtu yeyote, lakini hafanyi kitu." Ya pili inaweza kuhakikiwa kwa kidole juu ya picha. Kila unachoandika kipitishe kwenye kipimo hicho.

Hatua ya 8: Ondoa rangi, tafuta gazeti

Nyeusi, nyeupe, kijivu. Hakuna damu nyekundu hata tone. Picasso alizijua habari za Gernika kwa magazeti, na picha za magazeti ya 1937 zilikuwa na rangi hizo hizo. Mwili wa farasi umejazwa vijistari vifupi vilivyopangwa safu kwa safu, kama maandishi yaliyochapwa ambayo hayasomeki. Nilimsikia kijana mmoja akiuliza kwa nini picha ya moto haina moto. Mwambie azime taa za chumba na atazame tena. Weusi ule una kazi.

Hatua ya 9: Tafuta kilichofutwa

Bahati yetu ni kwamba mpiga picha Dora Maar alikuwa chumbani akipiga picha turubai hatua kwa hatua. Zitafute mtandaoni uzipange kwa mfuatano. Katika za mwanzo, mwanamume aliyeanguka ameinua mkono na kukunja ngumi, saluti ya wapiganaji wa upande wa Jamhuri, na nyuma ya ngumi linachomoza jua kubwa. Picha ingekuwa bango la kisiasa, zuri pengine, la kusahaulika.

Hatua kwa hatua jua likasinyaa, likawa umbo la jicho, likatiwa balbu. Mkono ukafutwa. Kichwa cha farasi, kilichokuwa kimeinama, kikainuliwa. Mwili wa fahali ukageuzwa. Alijaribu hata kubandika vipande vya karatasi za ukutani, akavibandua. Mimi naona uamuzi mkubwa wa Guernica uko hapo: mchoraji alikuwa na ushindi mkononi, akaufuta, kwa sababu Gernika haikuwa imeshinda kitu.

Na kuna ambacho hakukichora kabisa. Hakuna ndege ya kivita, hakuna rubani, hakuna bendera. Adui hayumo. Linganisha na Francisco Goya, mchoraji wa Hispania, ambaye mwaka 1814 aliwachora askari wa Napoleon wakiwapiga risasi watu wa Madrid: mhanga ameinua mikono juu kama mwanamke wetu anayeungua, lakini mbele yake safu ya bunduki inaonekana wazi. Kati ya picha hizo mbili muuaji amepanda angani na kutoka nje ya fremu.

Hatua ya 10: Angalia ilikopita

Banda la Hispania lilifunguliwa Paris tarehe 12 Julai 1937, jirani na banda la Ujerumani lenye tai juu yake. Picha ikazunguka kuchangisha fedha. Januari 1939, katika jumba la Whitechapel, mashariki mwa London, mtaa wa vibarua, wageni waliombwa kuleta buti za kupelekewa wapiganaji wa Jamhuri. Wafikirie wakiweka viatu mbele ya zile nyayo tupu. Miezi michache baadaye Jamhuri ilianguka.

Picasso alikataa picha isiende Hispania mpaka uhuru wa wananchi urudi, ikakaa New York. Yeye akafa 1973, Franco 1975, na picha ikatua Madrid Septemba 1981, ikawekwa nyuma ya kioo kisichopenya risasi. Tangu 1992 iko Reina Sofía.

Lile zulia la rangi ya kahawia lilikuwa limetundikwa nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York. Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alipokwenda kuitetea hoja ya vita vya Iraki, zulia lilikuwa limefunikwa kwa pazia la buluu. Maofisa walisema ni kwa ajili ya kamera, wapate mandhari safi nyuma ya wasemaji.

Hatua ya mwisho: Mtafute wa tatu

Rudi sasa kwenye ukuta wako wa chaki, jioni, simu mkononi. Tazama kati ya kichwa cha fahali na kichwa cha farasi, mahali penye giza, juu ya meza. Kuna ndege. Mdomo wake uko wazi kuelekea juu, shingo imenyooka, na mfuo mmoja mweupe umepita mwilini. Sehemu yake kubwa imefutika kwenye weusi. Mimi nilikaa na picha hii karibu mwaka mzima kabla ya kumwona, na aliyenionyesha ni mtoto wa darasa la nne.

Ongeza mwanga wa simu: anatokea. Upunguze kidogo kidogo, na uandike daftarini ni nani anabaki wa mwisho kuonekana.